Maswali ya Wasomaji: Karakana ya Kukereza Inayosafiri

SWALI: Mshauri wa ukurasa wa ufundi, pokea salamu zangu. Nimekereza miguu ya vigoda na vifimbo vya kusukumia chapati kwa miaka tisa katika kibanda cha kukodi hapa Nakuru. Mwezi wa Machi kodi ilipanda, nikakirudisha kibanda kwa mwenyewe, nikanunua Hiace kuukuu yenye paa la chini, na sasa mimi na mke wangu tunaishi humo tukifuata siku za soko: Kericho, Ahero, Kibuye, Luanda, Kakamega, kisha tunarudi kwa njia ya Eldoret na Timboroa. Keezo langu, yaani mashine inayouzungusha mti huku nikiuchonga kwa patasi, ni dogo, lina uzito wa kilo 38 na mota ya nusu nguvu ya farasi, na kati ya ncha mbili zinazoushika mti ni sentimita 42. Nimelifunga kwa bolti kwenye sakafu ya gari, lakini kila nikianza bakuli gari zima hutikisika na patasi hurukaruka. Je, nilifunge wapi? Tena nibebe vifaa gani na niache vipi, maana tunalala humo humo?
— Fundi wa Safarini, Nakuru

JIBU: Ndugu fundi, salamu zimefika. Tatizo lako halitokani na bolti wala na keezo, bali na mahali ulipolifunga. Gari limeundwa ili linyumbuke: limekaa juu ya springi, na springi zimekaa juu ya magurudumu yenye upepo, ili mashimo ya barabarani yasimfikie abiria. Gogo la bakuli nalo, hata ulichonge kwa tezo kwa uangalifu gani kabla ya kulipandisha, huwa na upande mmoja mzito kuliko mwingine, na kila linapozunguka upande huo huivuta mashine. Kwa mizunguko 800 kwa dakika, gari lako linavutwa huku na huku zaidi ya mara 13 kila sekunde, na sakafu iliyotakiwa kuituliza mashine inacheza pamoja nayo.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Miaka mingi iliyopita niliegesha pikapu nje kidogo ya Molo, asubuhi yenye ukungu, nikapandisha kipande cha jakaranda chenye kipenyo cha sentimita 25 kwenye keezo nililokuwa nimelifunga nyuma ya pikapu hiyo. Niliuhisi mtikiso, nikadhani utakwisha nikishaziondoa kona. Haukwisha. Patasi ilikwama, kipande kikang'oka kwenye skrubu zake nne, kikapita karibu na sikio langu na kukivunja kioo kilicho nyuma ya kiti cha dereva. Tangu siku hiyo sijaliwasha keezo lililofungwa garini, na wewe nakusihi usiliwashe lako tena mpaka ulishushe.

Katika karakana ya mjini fundi hulifunga keezo kwenye sakafu ya saruji, au huweka mifuko ya mchanga chini yake, kwa kuwa uzito ndio unaoumeza mtikiso. Anayesafiri hushawishika kuubeba uzito huo, akaunda meza ya chuma ya kilo mia moja, na gari likalemewa kwenye mpando wa Mau Summit. Ushauri wangu ni kinyume chake: uzito usiubebe, uukope kwa ardhi ya pale unapofika, na uirudishie unapoondoka. Udongo upo Kericho, upo Ahero, upo Luanda. Unachopaswa kukibeba ni kile ambacho ardhi haiwezi kukupa, yaani makali, vipimo sahihi na stendi nyepesi ya kuushikilia udongo huo mahali pake.

Stendi yenyewe iwe ya miguu mitatu. Mafiga ni matatu kwa sababu iyo hiyo: chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi hata uwanja ukiwa na mteremko, ilhali meza ya miguu minne ikitua mahali pasipo sawa huwa na mguu mmoja unaoelea. Ubao wa juu uwe wa mti mgumu, unene wa sentimita 5, upana wa sentimita 25 na urefu wa sentimita 110. Miguu miwili iwe upande wa kichwa cha mashine, penye mota na penye mtikiso mkubwa, nayo itanuke hadi nyayo zake ziachane kwa sentimita 80 hivi; mguu wa tatu uwe upande wa kichwa cha nyuma, kile kinachoushika mti kwa mwisho wake wa pili, ukielekea nje. Itobolee miguu hiyo matundu ya mshazari yanayopita ubao mzima, na uichonge vichwa vyake viwe vyembamba kadiri vinavyopanda, ili uzito wenyewe uikaze, na wakati wa kufungasha uigonge kutoka juu kwa nyundo ya mti ichomoke. Urefu upime kwa mwili wako: simama wima, kunja mkono, na mhimili wa keezo uwe usawa wa kiwiko. Kwa kipimo hicho peke yake utaona kwamba Hiace ya paa la chini isingekufaa hata kama isingetikisika, kwa sababu mtu mzima hawezi kusimama wima humo.

Sentimita 20 kutoka chini, unganisha miguu kwa mbao mbili zitakazobeba kibao, na juu ya kibao hicho ndipo uzito utakapokaa. Chukua magunia manne ya sukari, yale ya kilo 50 ya plastiki iliyofumwa, uyatie udongo au mchanga nusunusu na uyafunge midomo. Kila gunia litazidi kilo 30, kwa hiyo manne yatakupa zaidi ya kilo 120 chini ya mashine, na siku ya kuondoka utayakung'uta, utalifukia shimo, na utayakunja yote yasizidi ukubwa wa shati. Mwombe ruhusa mwenye kiwanja kabla ya kuchimba. Mahali kama Ahero, ambako udongo mweusi wa Kano hulainika mvua inaponyesha, weka chini ya kila mguu kipande cha ubao chenye upana wa sahani, la sivyo stendi itazama upande mmoja katikati ya kazi.

Kabla hujapandisha mti, liwashe keezo likiwa tupu, kisha uisimamishe sarafu ya shilingi 20 kwa ukingo wake juu ya reli, ule mwili mrefu wa keezo unaobeba vichwa vyake. Ikisimama bila kuyumba, umekaa vizuri. Ikianguka, utafute mguu usiokanyaga sawasawa kabla ya kuilaumu mota.

Kuhusu kasi, wakerezaji wengi hutumia kanuni moja ambayo inafaa uiandike kwa rangi kwenye stendi: zidisha kipenyo cha mti kwa inchi na mizunguko kwa dakika, na jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 8 lizunguke basi kati ya mara 750 na 1,125, na ikiwa bado halijawa duara uanzie chini ya hapo. Kifimbo cha chapati cha inchi moja na nusu, kwa hesabu hiyo, kingeanzia 4,000, lakini mimi katika stendi ya safarini sivuki 2,500 na kazi hutoka safi.

Sokoni kuna jambo lingine ambalo fundi wa kibandani halifikirii, nalo ni watazamaji. Keezo linapozunguka huvuta watoto kama ngoma. Kipande kinachong'oka hakiruki kuelekea ncha za mashine, huruka kwa pembeni kufuata mzunguko wake. Kwa hiyo funga kamba, watu wasimame upande wa kichwa cha nyuma, na ubavu mmoja wa stendi uukinge kwa gari lenyewe. Wewe uvae kinga ya uso mzima wala si miwani peke yake, ukunje mikono ya shati juu ya kiwiko, na usivae glavu kamwe, kwa kuwa mti unaozunguka ukiushika uzi mmoja wa glavu huuvuta na kidole. Mkeo akija kusaidia, leso ibaki garini.

Sasa turudi ndani ya gari. Bolti ulizozitoboa sakafuni usiziondoe, zitumie kulifungia keezo wakati wa safari tu, nyuma tu ya viti vya mbele, chini, ili uzito ukae kati ya magurudumu na lisije likawafuata mnapofunga breki. Kichwa cha nyuma na kiegemeo cha patasi vivue, uvifunge kwa blanketi. Barabara mbovu huvigonganisha na reli mpaka reli ipate kovu, na kovu dogo la reli hukizuia kichwa kuteleza. Tumia nati zenye nailoni ndani, maana za kawaida hulegea kabla hujamaliza njia ya Kericho. Reli uipake nta ya nyuki kila wiki, hasa mkiwa karibu na ziwa.

Kitanda kiwe juu ya sanduku lenye kifuniko kinachofunga vizuri, na matandiko yaingie humo kila asubuhi kabla hujawasha mashine. Ninasisitiza hili kwa sababu vumbi la mbao si uchafu wa kawaida. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha uamuzi wake wa kuliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake. Kupiga msasa kufanyike nje, kwa barakoa ya kuzuia vumbi laini, upepo ukiwa mgongoni mwako, na nguo za kazi zilale kwenye mfuko wake. Mvule nao, ambao utauziwa kwa sifa kubwa, vumbi lake huwasha ngozi na kifua cha watu wengi. Ukiweza, uukereze ukiwa umelowa kidogo.

Vyombo vya kukatia havihitaji kuwa vingi. Patasi pana ya kuparia kwa kazi ndefu za katikati ya ncha mbili, patasi yenye mfereji mwembamba ya milimita 10 kwa mapambo, patasi nyingine ya milimita 10 yenye mfereji wa kina kwa mabakuli, patasi ya kukatia yenye milimita 3, na ya mshazari ikiwa mkono wako umeizoea. Ile pana ya kuparia usiitie ndani ya bakuli hata siku moja: shina lake ni jembamba pale linapoingia kwenye mpini, na likikwama kwenye nyuzi za mti zilizokatwa kwa upande huvunjika. Najua mafundi wengi hujitengenezea patasi kutoka kwa tupa kuukuu. Chuma cha tupa ni kigumu lakini hukatika kama kigae. Kama ni lazima ujifulie, heri springi ya gari, ambayo hupinda kabla ya kuvunjika. Kwa kunoa, kinoo cha maji na kibao kidogo cha almasi hutosha kati ya kazi na kazi, na gurudumu la umeme ulitumie siku mkipata umeme wa kukodi.

SWALI: Mheshimiwa mshauri, nimestaafu ualimu. Nyumbani ni Kisumu, ila siku nyingi niko njiani na pikapu kati ya masoko ya Siaya na Vihiga. Ninataka kukereza vipini vya vifaa vya shamba, mikongojo na vifimbo. Jenereta imenichosha kwa kelele na gharama ya petroli. Je, betri moja ya ampea-saa 100 na paneli ya sola vitaliendesha keezo la nusu nguvu ya farasi?
— Mwalimu Mstaafu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Tupige hesabu pamoja. Nusu nguvu ya farasi ni wati 373 za kazi inayotoka kwenye mhimili, lakini mota ndogo hupoteza sehemu ya umeme kwa joto, hivyo inapokazwa kabisa huvuta kama wati 550. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 huwa na wati-saa 1,200 ikijaa. Kama ni ile ya risasi na asidi, haifai kuitumia kupita nusu, la sivyo itakufa mapema, zimebaki 600. Inveta, kifaa kinachoubadili umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo hula takriban asilimia 15, zimebaki 510. Mota ikikazwa mfululizo, betri hiyo haitafikisha saa moja. Kwa kweli mkerezaji hakazi mfululizo, kwa kuwa husimama kupima, kunoa na kubadilisha mti, kwa hiyo unaweza kupata kazi ya nusu siku yenye mapumziko. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo inaweza kutumiwa hadi asilimia 80, na itakupa karibu mara moja na nusu ya kazi hiyo, ingawa bei yake ni kubwa. Paneli ya wati 200, kwa jua letu la karibu na Ikweta, itarudisha kama wati-saa 700 siku ya anga safi, na pungufu sana siku ya mawingu.

Pale watu wanapokosea ni kwenye inveta. Mota ya kawaida inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshika kasi, na inveta ya wati 600 itazima kila ukibonyeza swichi. Tafuta ya wati 2,000 inayotoa wimbi safi la umeme, kwa sababu ile ya wimbi la ngazi huipasha mota moto na kuifanya ingurume. Nyaya kati ya betri na inveta ziwe nene na fupi, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri: wati 550 kwa volti 12 tayari ni ampea karibu 50 kabla ya kuhesabu za kuanzia, na waya mwembamba chini ya kiti cha gari ni moto unaosubiri. Njia nyingine, ambayo mafundi wengi wa safarini huisahau, ni kumlipa jirani. Mafundi wa kuchomelea sokoni wana umeme tayari, na mkiafikiana bei ya saa mbili za asubuhi utapata kukereza bila kununua betri yoyote.

Lakini kwa kazi ulizozitaja, Mwalimu, mimi nisingeanza na umeme. Mkongojo una urefu wa sentimita 90 na keezo lako la mota halitaumeza. Lipo keezo la kanyagio, chombo cha kale sana ambacho seremala yeyote anaweza kukiunda kwa siku mbili, na ambacho kinaweza kuwa kirefu kadiri ya mbao zake. Reli zake ni mbao mbili zilizolala sambamba, zikiacha mwanya wa sentimita 5 kati yake. Ndani ya mwanya huo husimama vigingi viwili vinene vinavyokazwa kwa kabari kutoka chini, na kila kigingi kina bolti iliyonolewa ncha, mti ukishikwa katikati ya ncha hizo mbili. Kamba hutoka kwenye kanyagio, huuzunguka mti mara mbili, kisha hupanda hadi kwenye kitu chenye mnyumbuko. Mafundi wa zamani wa Ulaya walitumia ufito mrefu uliofungwa darini; wewe utumie mpira wa tyubu, ule ule ambao waendesha boda boda hufungia mizigo, ukiufunga kwenye tawi la mwembe au kwenye nguzo mbili zilizosimamishwa juu ya stendi.

Unapokanyaga, mti huzunguka kukuelekea na patasi hukata. Unapoinua mguu, mpira huirudisha kamba, na patasi unaiondoa kidogo tu, kama upana wa unywele. Mguu ukishaujua mdundo huo, mkono huufuata wenyewe. Tone la mafuta kwenye kila ncha huondoa mlio na huzuia mti usiungue. Kazi ni ya polepole kuliko ya mota, hilo sitalificha, lakini hakuna kelele, chombo husimama papo hapo mguu unaposimama, na mti mbichi unaokatwa kwa chombo hiki hutoa maranda marefu yenye unyevu badala ya vumbi. Tena mti mbichi ndio unaopatikana kwa urahisi huko unakopita: siala, ambao Waluhya huuita lusiola, hunyooka vizuri na hukubali patasi. Kipini kilichokerezwa kikiwa kibichi kisitiwe chuma siku hiyo. Kikae kivulini wiki kadhaa, kisinyae kitakavyosinyaa, ndipo ukikaze, la sivyo jembe litamtoka mteja shambani.

SWALI: Ninakereza mabakuli ya mwembe na mparachichi hapa Kakamega, na kila baada ya wiki mbili nayapeleka Nakuru kwa gari letu. Yakiondoka ni mazima, yakifika na kukaa siku mbili tatu midomo inapasuka. Kosa ni la mti au la gari?
— Mama wa Mabakuli, Kakamega

JIBU: Dada yangu, mti hauna kosa. Kakamega ni mji wa mvua nyingi, na hewa yake yenye unyevu huyakausha mabakuli taratibu. Unayafungia garini, jua linapiga bati mchana kutwa, kisha unayashusha Bonde la Ufa kwenye hewa kavu zaidi. Maji yanatoka haraka kwenye ncha za nyuzi, yaani pande mbili za bakuli ambapo nyuzi zimekatwa, kuliko ubavuni. Upande mmoja unasinyaa huku mwingine bado haujaanza, na mdomo unachanika. Isitoshe, mti husinyaa kwa kufuata duara za ukuaji wake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gandani. Ndiyo maana kiini cha gogo hakitakiwi kubaki ndani ya bakuli. Pasua gogo katikati yake, ukitupe kiini pamoja na sentimita mbili tatu za kila upande, kisha uanze.

Njia ya kawaida ni kukereza mara mbili. Mara ya kwanza acha ukuta mnene, sehemu moja ya kumi ya kipenyo, ili bakuli la sentimita 25 libaki na unene wa sentimita mbili na nusu. Paka nta pande zile mbili za ncha za nyuzi, ulitie bakuli kwenye mfuko wa karatasi, ule wa unga unafaa, pamoja na maranda yake lenyewe. Mfuko wa plastiki utakuletea kuvu. Kisha ulipime kwenye mizani ya jikoni, na uandike kwa penseli chini ya kitako tarehe na uzito: 14 Juni, gramu 1,180. Kila wiki ulipime tena na uandike chini ya mstari wa kwanza. Kwanza namba zitashuka kwa kishindo, baadaye kwa gramu chache, na zikisimama wiki tatu mfululizo bakuli liko tayari kwa mara ya pili. Hiyo ni miezi, si siku, na mabakuli hayo yakae chini ya kitanda, kivulini, wala si juu ya paa la gari.

Najua miezi hiyo ni migumu kwa mwenye nyumba ya magurudumu manne, kwa sababu nafasi ya kuyaweka haipo. Kwa hiyo ninakupa njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoipenda kwa msafiri: ukereze mara moja tu, mti ukiwa mbichi kabisa, na ukuta uwe wa milimita 5 kila mahali, kuanzia mdomoni hadi karibu na kitako. Ukuta mwembamba ulio sawa hukauka pande zote kwa pamoja na hupinda badala ya kupasuka. Bakuli litakuwa na umbo la yai kidogo, mdomo ukipanda huku na kushuka kule, na wateja wengi hulipenda kwa kuwa hakuna lingine kama hilo. Jakaranda inayokatwa kando ya barabara za Nakuru hukubali sana kazi hii. Mkaratusi uuache, hupasuka ukiutazama.

Kuhusu mahali pa kuupata mti, shikilia miti ya mashambani iliyoanguka au iliyopunguzwa matawi, na mwenye shamba akuandikie. Katazo la kukata miti katika misitu ya umma lililoanza Februari 2018 liliondolewa mwaka 2023, lakini kusafirisha magogo na mbao bado kunahitaji kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, na msandali umepigwa marufuku tangu mwaka 2007, hata kipande kidogo. Leseni za biashara nazo, tangu Katiba ya 2010, hutolewa na kaunti. Uliyolipa Kakamega haitakusaidia Nakuru, kwa hiyo uulize ofisi ya soko kabla ya kutandaza bidhaa.

SWALI: Bakuli la chakula nilipake mafuta gani? Na kwa nini kitambaa nilichopakia kilitoa moshi ndani ya sanduku la gari, ilhali hapakuwa na moto?
— Msomaji, Luanda

JIBU: Ninaanza na swali la pili, kwa sababu ulinusurika. Bila shaka ulitumia mafuta ya kitani, ambayo madukani huitwa linsidi. Mafuta hayo hayakauki kama maji. Hukauka kwa kuivuta oksijeni ya hewani, na kitendo hicho hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hulipoteza joto hilo. Kilichofinyangwa na kutupwa sandukuni, tena na maranda makavu pembeni, hulihifadhi joto mpaka linapowaka lenyewe, na huweza kuwaka saa nyingi baada ya kazi, mkiwa mmelala.

Mafuta hayo ni mazuri kwa bakuli ukichagua mabichi, maana yale yaliyochemshwa ya dukani kwa kawaida hutiwa madini ya kuyakausha haraka. Paka, ufute yaliyobaki juu, uyaache wiki mbili tatu kabla ya kutia chakula. Mafuta ya kupikia ya kawaida yatachacha na bakuli litanuka. Ukitaka mng'ao, yeyusha sehemu moja ya nta ya nyuki katika sehemu nne za mafuta ya kitani, kopo likikaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, na upake mchanganyiko huo bakuli lilipokwisha kukauka.

Vitambaa baada ya kazi vitandaze kimoja kimoja kwenye kamba ya nguo hadi viwe vigumu. Kama mnaondoka kabla havijakauka, vitie kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko, na kopo hilo lifungwe nje ya gari, nyuma, pasipo kitu cha kuwaka karibu yake.